Sindano iliingia kidoleni, sikuisikia

Zilibaki siku tisa kufika Iddi Kubwa, Agosti 2018, na kofia ya viua ya mteja wangu ilikuwa bado. Mteja mwenyewe ni kijana wa Mombasa anayeendesha teksi hapa Columbus, Ohio, na alitaka kuivaa kwenye sala ya Iddi. Nilikaa dirishani penye mwanga, miwani puani, bafta nyeupe magotini. Nikatoboa tobo moja, nikalizungushia uzi, nikaenda la pili. Kwenye la tatu nikaona doa jekundu kando ya kiua, dogo kama punje ya mtama. Nikadhani kuna kitu kimenidondokea. Nikapangusa, likatanda. Nilipougeuza mkono wa kushoto nikaiona sindano imesimama kwenye ncha ya kidole cha shahada, imezama kiasi cha kusimama yenyewe. Sikuwa nimesikia kitu.

Nimeshika sindano tangu nina miaka minane, barazani kwa bibi yangu, Ng'ambo, Unguja. Kofia ya viua hushonwa kwa vidole zaidi kuliko macho. Kidole cha chini ndicho kinachoipokea sindano upande wa pili wa kitambaa na kuirudisha juu. Kinaguswa na ncha kila mara, na mguso huo ndio unaokwambia tobo limekaa wapi. Bibi alikuwa anashona huku anazungumza na wageni, wala haangalii chini. Mimi pia nilikuwa nimefika hapo. Mchana nilifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba yao, usiku nilishona, na fedha ya kofia ndiyo niliyokuwa nikimpelekea khalati yangu Unguja.

Siku ile niliichomoa sindano kwa mkono wa kulia, nikaifua bafta kwa maji baridi na chumvi, nikakaa. Nilijua kinachonipata. Nilikuwa nakijua tangu katikati ya Julai, na kwa wiki nne nzima nilikuwa nimekificha.

Saratani ya titi niliambiwa Machi mwaka huo, nina miaka 46. Ilikuwa ile aina isiyo na vipokezi vya homoni wala protini iitwayo HER2, inayochochea saratani kukua, kwa hiyo vidonge vya kuzuia homoni haviwezi kuigusa. Mpango ulikuwa tibakemikali kwanza, kisha upasuaji. Hapa Marekani aina hiyo huwapata wanawake Weusi kiasi cha mara mbili ya wanawake wa Kizungu. Kwetu nilikuwa binti wa fulani, wa mtaa fulani. Hapa fomu ya hospitali ina visanduku, na mimi hutia alama kwenye kile cha watu Weusi. Nilikuwa naona ni karatasi tu. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba vipimo vingi vilivyonipima vilitengenezwa kwa kumwangalia mtu wa kisanduku kingine.

Dawa za mwanzo zilikuwa mbili pamoja, kila baada ya wiki mbili, mara nne. Moja ni ile nyekundu, doksorubisini, ambayo ukiiona inashuka kwenye mpira unaikumbuka sharubati ya zamani ya madukani. Kabla ya kunipa, walinilaza nikapimwa moyo kwa ultrasaundi, maana dawa ile inaweza kuudhoofisha. Nakumbuka nilivyotulia juu ya kitanda kile. Kuna mtu alikuwa amefikiria madhara kabla hayajanifika, akatafuta namna ya kuyapima. Moyo wangu ulionekana mzima, tukaanza.

Juni tukaingia kwenye paklitakseli, kila Jumanne kwa wiki kumi na mbili. Dawa hii asili yake ni ganda la mti unaoota kwenye misitu ya magharibi ya Marekani. Ndani ya seli mna vijibomba vidogo sana ambavyo seli huvitumia inapojigawa. Paklitakseli huvikakamaza, na seli ya saratani inakwama katikati ya kujigawa na kufa. Tatizo ni kwamba mishipa ya fahamu nayo inavitegemea vijibomba hivyohivyo, kama reli ya kusafirishia mahitaji yake kutoka uti wa mgongo hadi ncha za vidole. Mshipa mrefu zaidi ndio unaoteseka mwanzo. Kwa hiyo huanza vidole vya miguu, kisha vya mikono, na unahisi kama umevaa soksi na glavu ambazo huwezi kuzivua.

Wakati wa kuanza dawa hii hakuna aliyenipima mikono. Nesi alinipa kijitabu, akanieleza kuwa baadhi ya watu hupata ganzi na wengi hupona. Sikuulizwa nafanya kazi gani.

Kila Jumanne kabla ya dripu nesi aliuliza, "Kuna ganzi yoyote?" Wiki ya tano vidole vya miguu vilianza kuwaka usiku. Nikasema, "Kidogo." Wiki ya saba nilishindwa kufunga hereni. Nikasema, "Kidogo." Wiki ya nane nilimwaga chai ya mzee mmoja kazini, kikombe kilitoka mkononi na mimi bado nadhani nimekishika. Nikasema kidogo.

Naomba nieleweke hapa, kwa sababu najua wapo wanaosoma na wao wanasema "kidogo" kila wiki. Nilikuwa nimeambiwa kuwa ganzi ikizidi, dozi itapunguzwa au dawa itasimamishwa. Nilikuwa nimesoma pia kwamba hapa Marekani wanawake Weusi hawaugui saratani ya titi zaidi ya Wazungu, wanaugua pungufu kidogo, lakini wanakufa kwa kiasi cha asilimia 40 zaidi. Sababu zinazotajwa ni nyingi: kuchelewa kugundulika, bima, umbali, aina ya uvimbe, na matibabu yasiyofikia kipimo kinachotakiwa. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa kichwani. Niliona nikiungama ganzi watanipunguzia dawa, na nikipunguziwa dawa nitaingia kwenye hesabu hiyo. Nilikuwa nachagua kati ya vidole na roho, na nilichagua peke yangu, kimya kimya, mbele ya mtu aliyeniuliza kwa nia njema kabisa.

Jumanne baada ya ile sindano nilikwenda na kofia mkobani. Daktari alipoingia sikusema neno, nilimwekea mezani. Akaliona lile doa ambalo maji ya chumvi hayakulimaliza, akauona plasta kidoleni. Akaniambia nifunge vifungo vya sweta langu. Nikafika cha pili nikashindwa, nikaanza kulia. Aliketi. Akaniuliza imeanza lini, nikamwambia. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Ungeniambia wiki ya tano, kuna mambo tungeweza kuyafanya." Alinitajia kunyoosha muda kati ya dripu moja na nyingine, au kubadili dawa. Kubadili dawa! Kwa wiki nne nilikuwa natetea dawa moja kama kwamba ndiyo pekee iliyopo duniani. Dripu ya kumi ilitolewa kwa dozi ndogo, ya kumi na moja na kumi na mbili hazikutolewa.

Upasuaji ulikuwa Oktoba. Walikuta mabaki ya saratani, na mwanzoni mwa 2019 nikapewa vidonge vya kapesitabini, siku kumi na nne unameza, saba unapumzika. Kijitabu cha vidonge hivi kilisema niangalie wekundu kwenye viganja na nyayo. Nikiuona nipige simu. Niliangalia wekundu kila asubuhi. Viganja vyangu vilipiga weusi kama hina iliyokolea, nyayo zikawa na mabaka kama nimetiwa piko, ngozi ikavimba na kuanza kupasuka kisiginoni. Sikuona wekundu, sikupiga simu. Kumbe kwenye ngozi kama yangu huo ndio wekundu wenyewe. Picha zote za kijitabu kile zilikuwa za mikono ya waridi.

Kuhusu vidonge hivyo kuna jambo jingine ambalo nililijua baadaye, na lilinikosesha usingizi usiku mmoja. Mwili huivunja dawa hii kwa kimeng'enya ambacho maelekezo yake yako kwenye jeni iitwayo DPYD. Mtu mwenye hitilafu kwenye jeni hiyo anaweza kuumwa vibaya mno, hata kufa, kwa dozi ya kawaida. Kipimo cha damu cha kuitafuta hitilafu hiyo kipo, na huko Ulaya madaktari wameshauriwa tangu 2020 kukifanya kabla ya kuanza dawa. Lakini kipimo kilichoenea kilitafuta hitilafu nne, na hizo nne zilijulikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Iko nyingine inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, watatu hadi watano katika kila mia, na kwa muda mrefu haikuwamo katika orodha hiyo. Maana yake mwanamke kama mimi angeweza kupimwa, akaambiwa uko salama, na kumbe swali lililoulizwa halikuwa lake. Mimi sikupimwa kabisa, na nilisalimika kwa rehema ya Mungu.

Baada ya vidonge nilijiunga na kikundi cha wanawake Weusi waliopata saratani ya titi. Tulikutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika ukumbi wa kanisa, mimi na mama mmoja wa Kisomali tukiwa Waislamu wawili, na walitutengea chai pembeni, bila wasiwasi wowote wa nyama isiyo halali. Hapo ndipo mazungumzo ya kipimo yalipoanza. Mmoja alisikia kwamba kuna utafiti, ulioanza kuandikisha mwaka huo wa 2019, unaowachukua wanawake Weusi peke yao. Walitaka kuangalia vinasaba ili kujua nani yuko kwenye hatari ya ganzi, na papo hapo kulinganisha paklitakseli ya kila wiki na dada yake, dosetakseli, ya kila wiki tatu. Msingi wake ni kwamba tafiti za nyuma zilionyesha wanawake wenye asili ya Afrika wanapata ganzi hii zaidi, na kali zaidi.

Nilidhani ukumbi mzima utashangilia.

Bibi mmoja, dereva wa basi aliyestaafu, familia yake imetoka Alabama, aliuliza, "Kwa nini sisi peke yetu?" Halafu akazungumza kwa muda mrefu na hakuna aliyemkatiza. Alitaja Tuskegee, kule Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Alimtaja Henrietta Lacks, mama aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi Baltimore mwaka 1951, ambaye seli zake zilichukuliwa bila yeye kuambiwa na zikaendelea kukuzwa maabara za dunia nzima wakati familia yake haina habari. "Damu yangu ikitoka humu," alisema akigonga mkono wake, "nitajua iko wapi?"

Mimi nilikuja nchi hii mtu mzima. Sikulelewa na hadithi hizo mezani. Nilitaka kumjibu kwamba sasa kuna sheria, na kuna karatasi za ridhaa. Namshukuru Mungu sikusema. Baadaye alinieleza kuwa hakatai sayansi, mume wake aliokolewa na upasuaji wa moyo. Anachotaka ni mtu akae naye ajibu maswali matatu: sampuli itakaa wapi, nani ataitumia, na akisema basi, itaharibiwa? Nilipoyafikiria maswali yale sikuona hata moja la mtu asiyeamini. Ni maswali ya mtu anayekopesha kitu chake.

Mwalimu mmoja kijana alikuwa na hofu ya bima. Tulisaidiana kutafuta, tukakuta sheria ya 2008 inayowakataza watoa bima ya afya na waajiri kukubagua kwa sababu ya vinasaba vyako, lakini haigusi bima ya maisha wala ile ya kulelewa uzeeni. Alikuwa na mtoto mchanga na alikuwa anataka bima ya maisha. Ukumbi ulinyamaza, hakuna aliyemwambia hofu yake ni ya bure.

Mama wa Kisomali, ambaye kwa kawaida husema machache, aliuliza kipimo hicho kitamwona yeye kuwa nani. Yeye, mimi, yule bibi wa Alabama na dada mmoja wa Haiti tulikuwa tumeketi meza moja, na kisanduku chetu ni kimoja. Lakini vinasaba vya Afrika vimetofautiana kuliko vya bara lolote jingine. "Mimi na wewe," aliniambia, "huenda hatufanani damu kama wanavyodhani."

Lakini swali lililonibakia lilitoka kwa dada wa Haiti, mfanyakazi wa usafi. Alisema: "Mkinipima mkasema nitapata ganzi, mtanipa dawa nyingine, au mtanipa dawa pungufu?"

Hapo nilisimama. Sikuwa nimesimama hata siku moja kwenye kikundi kile. Niliwasimulia habari ya kofia, na zile wiki nne za "kidogo". Niliwaambia swali lake ndilo lililokuwa mdomoni mwangu kila Jumanne na sikuthubutu kulitoa. Kama kipimo ni cha kunipunguzia dawa kwa sababu mimi ni Mweusi, sikitaki. Kama ni cha kunifungulia mlango wa dawa nyingine yenye nguvu ileile, nipimeni leo. Na kama hakuna mlango wowote, basi niambieni hivyo kabla ya kunitoa damu, maana habari mbaya isiyo na la kufanya nayo nitaibeba mwenyewe usiku, na kuna watakaotaka kuibeba na wasiotaka. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Dereva wa basi aliniambia, "Keti, mtoto wangu, tumekusikia," na akanisogezea leso.

Usiku ule nilimpigia khalati. Kule kulikuwa kumekucha.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba mwanangu. Vidole vipi?"

Kila simu alianza hivyo, hata kabla ya kuuliza habari za watoto. Nikamsimulia mambo ya vinasaba, majina marefu na kila kitu. Alisikiliza, kisha akauliza, "Sasa na hao wataalamu wote, kabla hawajaanza kukutia hiyo dawa, hapana aliyekuuliza mikono yako inafanya kazi gani?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Ajabu," na tukahamia kwenye habari za harusi ya mtaani.

Matokeo ya utafiti ule yalitolewa 2024. Niliyasoma mara tatu, kamusi pembeni. Vinasaba havikutabiri. Wanawake waliohesabiwa kuwa wa hatari kubwa na wale wa hatari ndogo walipata ganzi karibu sawasawa. Kilicholeta tofauti ni dawa yenyewe: katika kila wanawake 100 waliopata paklitakseli ya kila wiki, 45 walipata ganzi ya kiwango cha kati au zaidi, kwa dosetakseli ya kila wiki tatu ni 29. Waliolazimika kupunguziwa dozi kwa sababu ya ganzi walikuwa 28 kwa 100 upande wa kwanza, 9 upande wa pili.

Mwalimu wetu kijana alivunjika moyo kwamba kipimo kimeshindwa. Mimi niliona kinyume chake. Wanawake wale walikubali kutoa damu pamoja na hofu zao zote, na jibu walilotuletea linaweza kutumika kesho asubuhi kliniki yoyote bila mashine yoyote. Kumbe mlango ulikuwepo. Ungekuwepo kwangu 2018 kama mtu angefikiria kuutafuta kwa kuwatazama wanawake Weusi wenyewe, badala ya kuchukua matokeo ya wengine na kutukadiria humo. Dosetakseli nayo ina shida zake, sitaki mtu aisome hapa kama tunda la peponi: miguu huvimba maji, kinga hushuka sana, kucha huharibika, na kuna wachache ambao nywele hazirudi tena.

Kuhusu kinga, kuna kipimo kimoja ambacho nakisemea kila ninapopata nafasi, na hakina ugumu wowote. Wiki ya nne ya paklitakseli nilirudishwa nyumbani bila dripu, na wiki ya sita tena, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zilikuwa chini ya kiwango. Mwaka jana nilipokuwa napanga makaratasi ya zamani nikakuta majibu ya damu niliyopimwa 2011, nilipoanza kazi kwa wazee. Chembe nyeupe zile zinazopigana na bakteria zilikuwa 1,400 kwa kila mikrolita ya damu. Nilikuwa mzima kabisa, nanyanyua watu vitandani. Kumbe hicho ndicho kiwango changu cha siku zote. Watu wengi wenye asili ya Afrika hawana alama moja ya kundi la damu iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, jambo linalowakinga na aina mojawapo ya malaria, na watu hao kwa asili huwa na chembe hizo chache kwenye damu bila ugonjwa wowote. Mpaka wa 1,500 unaotumika kusema "umeshuka" ulitokana zaidi na damu za Wazungu. Kujua kama una Duffy au huna ni kazi ya maabara ya benki ya damu, kipimo cha makundi ya damu tu. Sisemi kwamba dripu zangu mbili zilisogezwa bure, daktari wangu hakuwa na cha kumwongoza siku ile. Nasema nilikuwa na karatasi ya 2011 kabatini, na sikujua kuwa ni dawa.

Ganzi yangu haikuisha yote. Mkono wa kulia umerudi karibu wote. Wa kushoto, vidole viwili bado vina ile glavu, na baridi ya Ohio ikianza huwa naviwekea chupa ya maji moto, kwa uangalifu, maana navyo haviniambii maji ni moto kiasi gani. Nashona kwa kuangalia sasa, na subana kwenye kidole cha chini, jambo ambalo bibi angelishangaa. Kofia niliyokuwa naimaliza kwa wiki sita sasa inachukua miezi mitano. Ile yenye doa sikumpa kijana wa teksi. Nilimnunulia nyingine dukani, nikamwomba radhi.

Mwezi wa tatu mwaka huu jirani yangu, mama kijana aliyekuja na familia yake kutoka Kongo, aliniletea barua ya hospitali nimsomee. Ananiita mama mkubwa. Kazi yake ni kusuka nywele, sebuleni kwake, wateja wanaanza saa moja asubuhi na wanatoka usiku. Ilikuwa saratani ya titi. Nilimsindikiza kliniki. Daktari alipoanza kueleza dawa nilimwomba ruhusa, nikasema, "Kabla hujaendelea, muulize anafanya kazi gani." Akamuuliza. Binti akanyanyua mikono yote miwili akamwonyesha jinsi anavyogawa nywele mafungu matatu, haraka haraka, hewani. Daktari aliweka kalamu chini akamtazama mpaka alipomaliza.

Wakazungumza dawa zote mbili, nzuri na mbaya zake, mimi nikitafsiri. Alipofika kwenye nywele zinazoweza kukataa kurudi, binti alicheka. "Mimi nasuka nywele za watu. Zangu zikikataa nitafunga kitambaa. Vidole nitavifungaje?" Akachagua dosetakseli. Wakatoa na damu ya kuangalia Duffy. Alipoulizwa kama anakubali sampuli ya ziada ihifadhiwe kwa utafiti, nikamfundisha maswali matatu ya dereva wa basi, akayauliza yote, akajibiwa, akasema atafikiria.

Nampigia kila Ijumaa jioni. Simuulizi ganzi, maana najua neno "kidogo" linavyotoka mdomoni kirahisi. Nikiwa kwenye simu namwambia afunge vifungo vya kanzu ya mtoto wake wa mwisho, viko vitano, vidogo kama dengu, na mimi nasikiliza. Wiki za mwanzo alikuwa anamaliza kabla sijafika kuhesabu kumi. Ijumaa iliyopita kifungo cha juu kilimchukua muda, nikasikia mtoto anaanza kulalamika. Akasema labda ni usingizi, mama mkubwa, leo nimesuka vichwa vinne. Nikamwambia akate simu yangu, aipigie kliniki sasa hivi kabla hawajafunga, na awatajie kifungo.